Msaada wakuu: kibodi imeonekana kwenye kompyuta lakini FL Studio haisikii kitu, nipo Tabora

MpigaKinanda_Tbr
Wakuu habari za jioni, na wakubwa shikamooni. Naombeni msaada maana mafundi ninaowajua hapa Tabora wengi ni wa simu na redio, hiki kitu wanakiangalia tu. Nina kibodi ya zamani ya funguo 61, haina tundu la USB, nyuma ina matundu mawili ya duara ya MIDI (njia ya vyombo vya muziki na kompyuta kupeana maelekezo ya noti) yenye vitobo vitano vitano, moja limeandikwa IN jingine OUT. Ni mali ya kwaya ila inalala kwangu Isevya kwasababu mimi ndo mpigaji. Nataka kuiunganisha na desktopu ya nyumbani, ina Windows 10 na FL Studio, ile programu ya kutengenezea muziki, niwe natengeneza nyimbo za kujifunzia, yaani sauti ya kwanza na faili lake, ya pili na lake, tena na besi hivyohivyo, kila mtu atumiwe kwenye simu asikilize akiwa kwake. Kuna watu wanatoka mbali sana, akikosa zoezi moja tu wimbo umeshampita na Jumapili anasimama pale anafungua mdomo bila uhakika, inaniuma kwakweli.

Nimeagiza waya kutoka Dar, huku USB, katikati kiboksi chenye taa, mwisho vichwa viwili vimeandikwa IN na OUT. Cha IN nimechomeka kwenye IN, cha OUT kwenye OUT. Kompyuta inalia kuonesha imekipata kifaa, Device Manager, ile orodha ya vifaa ya Windows, inaonesha USB MIDI Interface bila alama ya njano, kwenye FL nimeingia Options, MIDI Settings, kipo kwenye orodha na nimeweka Enable. Nikipiga sasa, kimya. Tundu la USB nimebadilisha, kompyuta nimezima na kuwasha, kimya vilevile. Shida ni draiva (programu ya kuendesha kifaa), waya au kibodi?

MtuWaReli
Mkuu hiyo ni ya kizamani, uza tafuta yenye USB yake, unachomeka waya ule wa printa na mambo yanaisha.

FundiMawimbi
Hapana jamani, tusimuuzishe mtu kibodi ya kwaya kwa tatizo la dakika mbili. MIDI ilianza 1983, watengenezaji walikubaliana lugha moja, na lugha hiyohiyo ndo kompyuta ya leo inaielewa, kwahiyo kibodi ikiwa ya miaka ya tisini na inapiga vizuri itaongea na hiyo desktopu bila shida.

Mpiga kinanda nisikilize. Kama Device Manager inakiona kifaa na FL inakiona, draiva iko sawa, achana nayo kabisa usianze kupakua vitu mtandaoni. Tatizo liko kati ya kiboksi na kibodi. Maandishi kwenye waya za aina hiyo mara nyingi yamewekwa kwa upande wa kompyuta, IN maana yake "hapa ndo taarifa zinaingia kwenye kompyuta", na taarifa za kuingia kwenye kompyuta zinatoka wapi? Zinatoka OUT ya kibodi. Kwahiyo kichwa cha IN kiende MIDI OUT. Kuna waya nyingine zimeandikwa kinyume, "connect to in", hizo unafuata kama zilivyo, ndo maana watu wanachanganyikiwa.

Geuza halafu angalia taa ya kiboksi ukiwa unapiga noti. Ikicheza na vidole vyako, njia imefunguka. Usishtuke ikipepesa hata kama hujagusa kitu, kuna kibodi zinatuma ishara muda wote kusema bado nipo.

Kama bado kimya, pakua MIDI-OX, programu ya kuonesha taarifa za MIDI zinazoingia, ni ya bure, chagua hiyo USB MIDI Interface kama ingizo halafu piga do ya katikati. Chaneli ikiwa ya kwanza utaona mstari una 90 halafu 3C, hiyo 90 maana yake noti imebonyezwa, 3C ni namba ya noti yenyewe, inayofuata ni nguvu ya kidole. Mistari ikishuka na FL iko kimya, basi shida ni mipangilio ya FL. Ila ukimaliza ifunge MIDI-OX kabla hujafungua FL, Windows 10 kwa waya hizi mara nyingi inaruhusu programu moja tu ishike kifaa, ukiacha zote wazi utarudi hapa kulalamika tena.

MpigaKinanda_Tbr
Mkuu Fundi Mungu akubariki, nimegeuza tu na FL ikaanza kulia hapohapo, MIDI-OX hata sijaifikia. Sasa kuna mawili. La kwanza sauti inachelewa, nabonyeza halafu ndo inakuja, nyimbo za taratibu navumilia ila mapambio siwezi kabisa. La pili nasikia sauti mbili, ya kibodi na ya kompyuta, zinapishana.

DadaWaMwanga_Kgm
Pole kaka yangu, mimi niko Kigoma, Mwanga, narekodi wanafunzi wangu wa kinanda nyumbani na hilo la kuchelewa nilihangaika nalo sana. Waya hauhusiki hapo, MIDI inakimbia biti 31,250 kwa sekunde, noti moja inafika chini ya milisekunde moja. Anayechelewesha ni njia ya sauti ndani ya Windows. Ingia Options, Audio Settings, pale kwenye Device toa ile iliyopo uweke FL Studio ASIO, draiva ya sauti yenye kuchelewa kidogo, halafu shusha bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kukitoa. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 2048 peke yake ni kama milisekunde 46 na hizo mkono unazisikia, 512 ni kama 12, 256 ni kama 6. Anza na 512, ukisikia mikwaruzo ujue kompyuta imezidiwa, panda kidogo. Na funga Chrome wakati unarekodi, desktopu zetu hizi RAM ni ndogo.

Sauti mbili ni rahisi zaidi, shusha volyumu ya kibodi mpaka sifuri. Noti zitaendelea kwenda kompyuta vilevile maana MIDI haibebi sauti, inabeba maelekezo tu. Na kichwa cha pili, cha kwenda MIDI IN, kitoe kabisa, kwa kurekodi hukihitaji.

FundiMawimbi
Dada kasema vizuri. Niongeze tu, kwenye kibodi kuna kitu kinaitwa Local, ukiweka OFF funguo zinaacha kupiga sauti ya ndani. Ila kwa kibodi ya kwaya mimi siishauri, nyingine ukizima na kuwasha inarudi ON yenyewe, nyingine sina imani nazo, usije ukafika kanisani Jumapili umebonyeza utangulizi watu wamesimama na kibodi haitoi kitu. Volyumu inatosha.

MpigaKinanda_Tbr
Nimeweka 512, mapambio yanakwenda! Asanteni sana dada na Fundi. La mwisho tu, ogani ya kwenye kibodi yangu ndo wanakwaya wameizoea, naipataje ndani ya FL?

DadaWaMwanga_Kgm
Hiyo kwa waya wa MIDI haitaingia, itabidi uchukue sauti yenyewe. Toa kwenye tundu la hedifoni la kibodi, peleka kwenye tundu la bluu nyuma ya desktopu, Line In, usiweke kwenye la pinki la maiki sauti itapasuka. Volyumu ya kibodi iwe nusu hivi, halafu ukipiga uangalie mita ya FL isiguse nyekundu. Ukisikia mngurumo, chomeka kibodi na kompyuta kwenye ekstensheni moja.

MpigaKinanda_Tbr
La bluu lipo. Tundu la hedifoni kwenye kibodi ni lile kubwa, dukani niulizeje?

FundiMawimbi
Waambie waya wa jeki kubwa kwenda jeki ndogo, zote stirio. Kabla hujalipa angalia kila kichwa kina pete mbili nyeusi, chenye pete moja ni mono, hicho waachie.