Primasi inajuaje pa kuanzia? Naomba ushauri kabla ya mtihani wa mdomo

Mwana_Katuba:
Yambo sana, ba yaya. Niko Lubumbashi, mwaka wa pili baiolojia. Mtihani wa mdomo umekaribia na asistanti wetu ana swali analolipenda kuliko yote: primasi, kimeng'enya kinachotoa kianzio DNA inaponakiliwa, inatambuaje DNA, na inaanzaje kazi? Silabusi ina mistari miwili tu: primasi hutambua mahali pa kuanzia, hutengeneza kianzio (kipande kifupi) cha RNA, basi. Mwenzangu mmoja anashikilia kwamba mahali hapo ni oriC, sehemu ya DNA ya bakteria ambapo unakili huanzia. Mwingine anasema inaanza popote. Wamebishana hadi umeme ukakatika, na mimi bado sijui nimwamini nani. Nijibu vipi?

Kampemba2:
Mdogo wangu, andika CTG kwenye kiganja, ingia, sema, toka. Mimi nilipita hivyo hivyo.

Yaya_Jeni:
Usimfuate huyo. CTG ni herufi tatu za DNA zinazotafutwa na primasi ya bakteria E. coli. Ukiulizwa "na kwa binadamu je?" utabaki unatazama dari.

Wenzako wote wawili wamekosa, ila yule wa oriC amekosa kwa namna ambayo wengi hukosa, kwa hiyo naanza naye. Anayetambua oriC si primasi. Ni protini iitwayo DnaA. Inashika sehemu hiyo ya jozi 245 hivi na kufungua nyuzi mbili pale penye A na T nyingi. Kisha protini DnaC inaleta helikasi (kifungua nyuzi za DNA), DnaB, na kuivika kwenye uzi mmoja mmoja. DnaB ni pete ya protini sita zinazofanana. Hapo ndipo primasi, yaani DnaG, inapoingia, nayo inakuja kwa kuishika DnaB. DnaG ikiwa peke yake bila helikasi hufanya kazi kwa uvivu mkubwa.

Sasa DnaG yenyewe. Ina sehemu tatu, na ukizijua hizo umemaliza nusu ya swali. Ya mbele ina zinki: ndiyo inayosoma DNA ya uzi mmoja na kutafuta herufi tatu, CTG. Ya katikati, kwa msaada wa magnesi, inaunganisha nukleotidi, yaani herufi zenyewe. Ya nyuma ndiyo mkono wa kushikia DnaB. Kianzio kinachotoka kina nukleotidi 11 hivi.

Halafu mwambie kwa nini kianzio kinahitajika, maana silabusi nyingi zinapita hapo mbio. DNA polimerasi, kimeng'enya kinachojenga DNA mpya, haiwezi kuanza patupu. Inachojua ni kuongeza nukleotidi kwenye ncha ya 3' (mwisho mmoja wa uzi; mwingine ni 5') yenye OH ambayo tayari ipo. Primasi inaweza kuchukua nukleotidi mbili zilizo huru na kuziunganisha bila ncha yoyote ya kuanzia. Kipaji chake kikubwa ni hicho, kuliko hata kusoma CTG.

Mwana_Katuba:
Aksanti sana yaya. Lakini kuna kitu kinanisumbua. Herufi ziko nne, kwa hiyo CTG inatakiwa kutokea mara moja katika kila herufi 64, kwa makadirio. Vipande vya Okazaki, yaani vile ambavyo uzi mmoja mpya wa DNA hujengwa kwavyo, kila kimoja kikiwa na kianzio chake, kwa bakteria vina urefu wa herufi 1000 hadi 2000. Mbona primasi inaruka CTG nyingi hivyo?

Kampemba2:
Kumbe kijana ana kichwa! Naondoa ushauri wangu wa kiganja.

Yaya_Jeni:
Hilo ndilo swali la kumrudishia asistanti. CTG ni sharti, haitoshi kuwa amri. Bila herufi hizo primasi haianzi vizuri, lakini kuwepo kwake peke yake hakuianzishi. Ni lazima wakati huohuo primasi iwe imeshikana na DnaB, na mshiko huo ni wa kuja na kuondoka. Helikasi inasonga karibu nukleotidi 1000 kwa sekunde, hivyo kianzio kipya kinatoka kila baada ya sekunde moja au mbili. CTG zinazopita wakati hakuna primasi iliyoshikana hapo zinapita tu.

Mwana_Katuba:
Basi ni kama abiria wa taksibisi: dereva ndiye mwenye barabara, abiria anachagua kituo.

Yaya_Jeni:
Inafaa kiasi, ila usiipeleke mbele ya asistanti, atakuuliza nani analipa.

Daktari_wa_Kesho:
Naongezea upande wa binadamu. Kwetu primasi haitembei na helikasi kwa mtindo huo. Imefungamana na polimerasi alfa, jumla protini nne. PRIM1 inaunganisha nukleotidi. PRIM2 ina fundo la chuma na salfa, nayo inasaidia kuanza. Haitafuti neno maalumu la herufi tatu. Kwa kawaida kianzio huanza na A au G, basi. Zikifika nukleotidi 8 hadi 10 hivi za RNA, polimerasi alfa inapokea na kuongeza DNA kama 20, halafu polimerasi nyingine zinaendelea. Vipande vyetu vya Okazaki ni vifupi, 100 hadi 200.

Mwana_Katuba:
Nimeshika. La mwisho: akinipa chaki nichore CTG ubaoni, kianzio kinaanza na herufi gani? Nikisoma kutoka kushoto napata GAC, na kitabu kinasema AG.

Yaya_Jeni:
Kitabu kiko sahihi. Chora kiolezo, yaani uzi unaonakiliwa, 5'-CTG-3'. Kianzio kinajengwa kuelekea upande wa pili, kwa hiyo kiolezo kinasomwa kutoka kulia. G ya kulia inatambuliwa lakini hainakiliwi. Kazi inaanza kwenye T, unaweka A. Halafu C, unaweka G. Kianzio ni AG na kuendelea, na A hiyo ya kwanza inabaki na fosfati zake tatu. Akiomba mfano mwingine mpe virusi vya T7: neno lake ni GTC, C haiandikwi, na vianzio vyake vina herufi nne tu: ACCC, ACCA au ACAC.