Naomba ushauri: wanafunzi wangu wanaitwa "wakimbizi" na walimu wenzangu

Habari zenu wakuu. Mi ni mwalimu wa sekondari huku Tabora, nimepewa pia kitengo cha malezi na unasihi. Tuna watoto wa kutoka Ulyankulu, mababu zao walikimbia Burundi 1972, familia zikapewa uraia 2014, wenyewe wamezaliwa hapahapa ila mpaka leo wanaitwa wakimbizi, na kinachoniuma sio wanafunzi wenzao tu, ni walimu kabisa, mtu anasimama mstarini anasema nyie Warundi bakini mfagie.

Juzi binti wa form two kaja ofisini, kakaa kimya muda mrefu anakunja tu pindo la sketi, halafu akaniuliza, madam, nikibadili jina la ukoo wataacha? Nilikosa jibu.

Naambiwa niwashauri wawe wavumilivu. Mi naona mtoto hana tatizo lolote, tatizo ni sisi, na Katiba ibara ya 13 inakataza ubaguzi. Nataka nilipeleke kwenye kikao cha walimu ila mkuu hataki liguswe. Nianzie wapi, bodi ya shule, afisa elimu kata au wazazi kwanza? Waliowahi kupitia hili nisaidieni jamani.