Tunataka chuo chetu kiachane na tumbaku kabisa. Tuanzie wapi?

BintiWaUkara

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Niko mwaka wa tatu, chuo kimoja hapa Mwanza, na muhula huu nimekabidhiwa kamati ya afya kwenye serikali ya wanafunzi. Uongozi umekubali kwa mdomo kwamba tukileta mpango unaoeleweka, kampasi nzima itatangazwa kuwa eneo lisilo na tumbaku. Si sigara peke yake, hata shisha na ugoro wa kubwia. Bajeti ni laki nne. Mpango unatakiwa ufike kwa mshauri wa wanafunzi kabla ya UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula. Naomba mnisaidie kufikiri, maana mara ya kwanza tulishindwa na sitaki tushindwe tena.

Tulishindwa hivi. Mwaka jana tulilenga Mei 31, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani. Tukachapisha mabango ya mapafu meusi, tukabandika kantini, maktaba na mlangoni mwa bweni la wavulana. Tukafanya matembezi. Fulana zikala karibu hela yote. Haikupita wiki, wavutaji wakawa wamehama kutoka kwenye vimbweta (vile viti na meza za kusomea nje) kwenda nyuma ya bweni la wasichana, kwenye ule mteremko wa mawe ambako walinzi hawafiki. Mnaojua Mwanza mnajua kuanzia saa nane mchana upepo unapanda kutoka ziwani. Ukawa unapanda na moshi hadi madirishani kwetu. Ninayeishi naye chumba kimoja ana pumu. Kabla ya kampeni yetu alikuwa anasoma dirisha wazi. Baada ya kampeni yetu anasoma dirisha limefungwa, kajifunika pua kwa khanga. Hilo linaniuma kuliko hela ya fulana.

Safari hii nimeanza kwa kuhesabu. Siku tatu mfululizo, saa kumi na mbili asubuhi kabla wafagiaji hawajapita, nimeokota vipisi vya sigara kwa glovu na ndoo ya rangi. Vimbweta vya chini ya mwembe: 61, 48, 70. Nyuma ya bweni: 90 na ushee kila siku. Geti la nyuma kwenye vibanda sikumaliza, ndoo ilijaa. Mlangoni mwa jengo la wahadhiri: 22, 19, 25. Hiyo namba ya mwisho sijamwonyesha mtu, kwa sababu wanaoingilia mlango ule ndio watakaokaa kuujadili mpango wangu. Na mtaro unaopita pale unamwaga ziwani moja kwa moja. Kichungi cha sigara watu wanadhani ni pamba, kumbe ni aina ya plastiki. Mvua moja ya Aprili na vyote viko majini.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Siku za giza, karabai zikiwaka, walisema sigara ndiyo inayowaweka macho hadi alfajiri. Nilikuwa namsikia anakohoa kabla sijamwona akipanda kutoka mwaloni. Alitutoka 2019. Kwa hiyo sitaki kampeni ya kuwatukana watu kama baba yangu. Nataka ile ambayo yeye mwenyewe angeweza kuisikiliza.

Ninayowauliza ni haya: kwenye kamati awepo nani, vibanda vya getini tuvifanyeje, na adhabu iwepo au isiwepo?

MzeeWaMkolani

Marahaba binti yangu, na pole kwa mzee.

Nimelinda geti la chuo miaka kumi na moja, si hicho chenu. Nimevuta kwa miaka ishirini kabla sijaacha. Nikwambie jambo ambalo kwenye vikao halisemwi: lindo la usiku linaendeshwa kwa sigara, kama ile mitumbwi ya dagaa. Mwanafunzi anakuja saa sita usiku, anakupa moja, unamfungulia. Sasa kesho uniambie nimkamate? Sitamkamata. Kwa hiyo mlinzi mmoja anayevuta, na asiwe mkubwa wao, mweke kwenye kamati yako. Muulize angehitaji nini ili usiku upite bila sigara. Mimi ningekujibu chupa ya chai ya moto na mwenzangu wa kupokezana naye. Si mambo makubwa.

Nyuma ya bweni wekeni taa. Taa ya sola na fundi wa kuifunga havitamaliza laki nne yako, na watu hawapendi kuvutia mahali penye mwanga.

Wale wa vibanda wasifukuzwe. Yule mama anauza sigara moja moja kwa sababu ndiyo inayomrudisha mteja mara tano kwa siku. Ukimfukuza atahamia hatua hamsini mbele na atakuwa adui yako. Kaa naye kwanza, umpigie hesabu ya karanga, maandazi, vocha. Kuuzia mtoto wa chini ya miaka 18 ni kosa kisheria, na wapo wa mwaka wa kwanza wanaofika bado na 17. Hilo atalielewa haraka, naye ni mzazi.

KijanaWaKaliua

Dada, nimesoma mpaka mwisho nikatulia kidogo kabla ya kuandika.

Ada yangu ya sekondari yote ni tumbaku. Na hapa chuoni hela ya matumizi kabla bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) halijaingia ni tumbaku. Baba ana mabani mawili ya kukaushia. Tuko wengi humu Mwanza tuliotoka Kaliua, Urambo, Kahama. Mlipobandika yale mapafu meusi (inawezekana nilikuwa napita hapohapo), sisi tulinyamaza tukapita. Hatukuona kampeni ya afya, tuliona wazazi wetu wanaitwa wauaji.

Ila mngetuuliza, tungewaambia mambo ambayo bango haliwezi kusema. Mama yangu asubuhi akichuma majani yakiwa na umande, hadi saa tano anatapika na kichwa kinamzunguka. Hajawahi kuvuta hata pafu moja. Nikotini inapita kwenye ngozi ikiwa majani yamelowa. Nyumbani tulidhani ni malaria, akinunua dawa ya malaria kila msimu. Nimekuja kujua ni nini nikiwa huku. Na zile kuni za bani, nilipokuwa darasa la tatu tulikata mlangoni, sasa hivi mkokoteni unaondoka usiku.

Andika waziwazi kwenye mpango kwamba chuo hakiwahukumu wakulima. Halafu nipe dakika tano za kusema siku ya uzinduzi. Nitasema.

Na kampuni ya sigara ikija kuwapa mapipa ya taka au kudhamini bonanza, kataeni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, na mkataba huo unataka sera za tumbaku zilindwe dhidi ya maslahi ya hao wenye viwanda.

Mdau_Igoma

Mimi navuta na sifichi. Tuna miaka ishirini na kitu, ni watu wazima. Sipendi kuvutia mtu usoni, lakini kuniambia nisivute popote ndani ya eka zote zile naona mnapitiliza. Tengeni kona moja yenye kivuli, basi.

NesiWaZamu

Mdau, asante kwa kusema wazi. Sheria yetu ya mwaka 2003 inazuia kuvuta kwenye maeneo ya umma na inatoa nafasi ya kutenga sehemu maalumu, kwa hiyo hoja yako ina mahali pa kusimama. Shida ninayoiona kazini ni kwamba hiyo kona huwa inawekwa kwenye kivuli, na penye kivuli ndipo wote wanakaa. Tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawavuti, wanavutishwa. Mwenzake huyu binti mwenye pumu ndiye huyo.

Binti, kosa la mwaka jana silioni kwenye mabango. Mliwaambia watu waondoke mahali bila kuwapa pa kushika. Nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, na anayeacha siku tatu nne za mwanzo ndizo mbaya: hasira, usingizi hauji, kusoma hakusomeki. Baada ya wiki mbili hadi nne hali inatulia. Kwa hiyo msiianze marufuku karibu na UE hata kidogo. Anzeni muhula unapofunguka, watu wakiwa bado hawana testi.

Kliniki ya chuo iwe na mtu mmoja tu aliyefundishwa kuuliza kila anayekuja, hata kama kaja kwa jino: unatumia tumbaku? ungependa kuacha? Kisha mtu huyohuyo ampigie simu baada ya wiki. Ile hamu kali huwa inapita ndani ya dakika chache, na mwenye pa kwenda dakika hizo anavuka. Wanaotumia shisha waambieni kwamba maji hayachuji sumu, na saa moja ya shisha inaingiza moshi unaouzidi ule wa sigara nzima kwa mara nyingi sana.

Kuhusu adhabu, kwanza waandaeni watu: Chuo Kikuu cha California kule Marekani kilizuia tumbaku kwenye kampasi zake zote kuanzia Januari 2014, na rais wake alikuwa ametoa taarifa tangu Januari 2012. Miaka miwili ya kuandaa watu, kabla ya siku ya kwanza. Wewe una miezi, lakini usiwe na wiki.

Namba za mlango wa wahadhiri usizisome kikaoni. Mpelekee mshauri wa wanafunzi peke yake, na ndoo yenyewe.

BintiWaUkara

Wabeja sana nyote. Nimesoma nikiwa kwenye daladala la Buhongwa nikapitiliza kituo.

Mzee wangu, leo mchana nimekaa na mama wa kibanda cha kwanza. Paketi inamwachia kidogo sana, kidogo kuliko nilivyofikiri. Anasema karanga zinamlipa ila hana mtaji wa gunia. Nimeiandika kwenye mpango, mstari wa kwanza kabla ya mabango. Mlinzi nimempata pia, kakubali kwa masharti ya chai.

Kaka wa Kaliua, nisamehe kwa yale mabango. Dakika tano ni zako, ukitaka kumi chukua. Tafadhali mwambie mama avae glovu za mpira na asubiri umande ukauke.

Mdau, ukiweza njoo kwenye kamati ukiwa bado unavuta. Nataka mtu atakayeniambia tunapokosea kabla hatujabandika kitu.

Nesi, ndoo ninayo. Kesho saa mbili niko mlangoni kwa mshauri. Nimekwama kwenye jambo moja: huyo mtu wa kliniki anafundishwa wapi hapa Mwanza, na kwa siku ngapi?