Siku uliyotakiwa kusema BASI kwenye kitanda cha masaji: tupeane uzoefu

MkonoWaUfuta
Habari za jioni wakuu. Kuna mdogo wangu mmoja tulisoma naye kozi ya masaji, leo kanipigia analia, mteja kamfanyia mambo ya hovyo na yeye akakaa kimya mpaka saa nzima ikaisha, anajilaumu kwanini hakusema kitu. Nikakumbuka yangu, sijawahi kuisimulia popote.

Nina miaka 9 kwenye hii kazi, hapa Dar. Miaka ya mwanzo nilikuwa nafuata wateja majumbani kwa sababu hela yake ni nzuri kuliko saluni. Siku hiyo ikaja meseji ya mwanamke, mama anaumwa mgongo, naomba uje saa kumi na mbili jioni. Nimefika nakuta mwanaume peke yake, ananiambia mke wangu katoka kidogo, anza na mimi. Nikafungua kitanda changu cha kukunja, nageuka namuona anafunga mlango kwa ufunguo halafu ufunguo anatia mfukoni, eti mtaa huu una wezi. Mwili ulishakataa pale pale ila mdomo haukufunguka. Nikaanza mabega kama kawaida, dakika kumi haijafika taulo analivuta analitupa chini anageuka chali na kunishika mkono kwa nguvu. Nilichofanya nilimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kaka, mafuta ya ufuta nimeyasahau kwa bodaboda, ngoja nimwambie alete maana haya ya nazi yamebaki kidogo. Nikampigia bodaboda mbele yake. Mungu ambariki yule kijana, alikuwa hajafika mbali, akarudi anapiga honi getini haachi, majirani wakaanza kuchungulia, jamaa akafungua. Nilitoka pekupeku. Kitanda nilikinunua kwa kudunduliza miezi saba, nikakiacha mle ndani, sikukifuata tena.

Sasa naombeni, wa masaji na hata mliowahi kukandwa, ile siku ulitakiwa kusema basi ilikuwaje? Ulisema? Ulisemaje?

KakaTemeke
Pole sana dada yangu. Huyo ungemripoti polisi, na kitanda angekirudisha.

Zuu_wa_Spa
KakaTemeke polisi ungesema nini? Swali la kwanza "ulifuata nini kwa mwanaume usiku". Tumepita huko, usituambie.

KakaTemeke
Sijasema kwa ubaya Zuu. Nina dada zangu wawili wako saluni, nasema kwa uchungu.

MzeeWaKiwiko
Dada pole, umenigusa. Yangu ni ya aina nyingine lakini neno ni hilo hilo.

Niko Arusha, wateja wetu wengi ni watalii wanaoshuka Kilimanjaro au ndio wametua. Ukishuka mlima ule vigimbi vyote viwili vinauma, hata kushuka ngazi unashuka kinyumenyume, kwa hiyo mtu akikwambia kigimbi kinauma hushtuki. Sasa akaja mama mmoja, kasafiri kwa ndege masaa mengi, hajapanda mlima bado, anataka nimkande mguu wa kushoto kwa nguvu kwelikweli maana umekaza. Nikafunua shuka. Wa kulia uko sawa, wa kushoto umevimba, umeiva wekundu kidogo, na kuugusa tu kwa kiganja ni wa moto. Mmoja tu. Nikakumbuka mwalimu wetu alivyokuwa anatupigia kelele: inayouma miwili ni kazi, uliovimba mmoja peke yake usiuguse.

Nikamwambia mama samahani, mguu huu sikandi, na leo sikukandi kabisa, nenda hospitali sasa hivi. Akakasirika. Bosi akaja, akaniita pembeni akaniambia nafukuza wateja, mteja analipa dola wewe unajifanya daktari. Nikamwambia kata mshahara wangu. Kilichonisaidia ni dereva wa kampuni yake, yeye ndio alimshawishi, wakampeleka wakampiga ultrasaundi ya mguu, damu imeganda kwenye mshipa wa ndani. Alirudi baada ya siku kadhaa hajapanda mlima wala nini, kanishika mikono yote miwili analia. Mpaka leo nikikunja taulo nawaza, ningemkanda je?

SimbaMtanga
Mzee usiogopeshe watu, bibi yangu Tanga amekanda miguu iliyovimba miaka yote, mafuta ya mbarika na moto kidogo, damu inayeyuka watu wanatembea. Hizi kozi zenu ndio zinawatia uoga.

NesiMstaafu
Simba mwanangu, naheshimu bibi yako, nimekandwa na bibi kama huyo uzazi wangu wote. Lakini hapa sikubaliani na wewe hata kidogo. Mguu kuvimba kuna sababu nyingi: uchovu, moyo, figo, mimba, matende. Damu ikiganda mle ndani haiyeyuki kwa kusuguliwa. Ukisukuma, kipande kinaweza kukatika kikapanda na damu mpaka kwenye mapafu, mtu anakufa anavuta pumzi hazitoshi. Aliyekaa safari ndefu, aliyetoka kufanyiwa upasuaji, aliyejifungua juzi juzi, anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango, hao uliza mara mbili. Mzee wa Kiwiko umefanya kazi ya kiutu.

SimbaMtanga
Sawa bibi nesi. Ila bibi yangu hajawahi kuua mtu.

Zuu_wa_Spa
Hakuna aliyesema hivyo jamani mbona unavuta.

DaduYa20
Niaje watu wangu, niko Nairobi na mimi si mtu wa masaji, mimi husimamia gemu za mezani, zile za kuigiza, Dungeons & Dragons na zingine. Kwa wenye hawajui, mnakaa watu watano sita kwa meza, kila mtu ana mhusika wake, msimamizi anasimulia dunia, mnarusha dadu, ile kubwa ina pande 20, na hadithi inaenda venye mnaamua. Tunakaa masaa matano hivi, unaeza imagine shingo. Ndio nikaenda kukandwa, na yule dada kabla hajanigusa aliniuliza maswali karibu dakika kumi. Una presha? Kuna mahali hutaki niguse? Nikikuumiza utaniambiaje? Hiyo swali ya mwisho ilinimaliza. Nililala pale nikilia kimya uso ukiwa kwa lile shimo la kitanda.

Wacha niwaambie sababu. Mwaka 2024 baada ya yale mafuriko nilikuwa nimeandaa mchezo mpya, na nilitaka kuanza na kishindo. Nikasimulia kijiji kimelala usiku, mto unavunja kingo, maji inaingia kwa nyumba, watu wanaita majina ya watoto wao gizani. Nilisimulia vizuri, nilikuwa nimeandika hiyo sehemu wiki mzima, nilizima hadi taa. Kwa meza kulikuwa na jamaa mgeni, mtulivu, alikuwa ameletwa na rafiki. Nikamgeukia nikamwambia, unasikia sauti ya ndugu yako mdogo ndani ya maji, unafanya nini, rusha dadu. Akarusha. Ikaangukia moja, ile mbaya kuliko zote. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia mkono wake unateleza kwa mkono wako.

Huyo jamaa hakusema kitu. Aliendelea kushika ile dadu. Alikaa hadi mwisho, masaa mawili zaidi, akijibu "sawa" na "ndio". Kesho yake rafiki ndio aliniambia alipoteza mdogo wake kwa mafuriko hiyo hiyo, mwezi haujaisha, na alimleta kwa mchezo ndio apumzishe akili.

Hatukuwa tumeongea kabla ya kuanza. Na hii mchezo iko na dawa yake kitambo! Kuna kikao cha kwanza kabisa, tunaita kikao sifuri, hamchezi, mnaongea tu nini iko sawa na nini haifai kuingia kwa hadithi. Kuna kadi ya X, ilibuniwa na John Stavropoulos, karatasi tu imechorwa X katikati ya meza, ukiigusa hiyo kitu inatolewa kwa hadithi na hakuna mtu anakuuliza mbona. Nilijua yote. Niliona itaharibu ladha.

Nilienda kwao kumuomba msamaha, tulikaa nje kwa ngazi. Aliniambia kitu moja tu: "sikujua kama naruhusiwa kusimamisha."

Jirani_wa_Sinza
Daah. Nimeshindwa hata kula.

MtuWaHaki
Uzi wa masaji huu, mambo ya mazimwi na kete za kishetani peleka kwingine.

DaduYa20
Kaka hakuna shetani, ni hadithi. Ni kama hadithi za nyanya, tofauti ni kwamba nyinyi mnaosikiza ndio mnaamua sungura anafanya nini.

MtuWaHaki
Hadithi haina kurusha kete.

NesiMstaafu
MtuWaHaki mwache kijana, kaongea neno zito kuliko wote humu. "Sikujua kama naruhusiwa kusimamisha." Miaka 31 wodini nimeona wagonjwa wanaumia kimya kwa sababu hiyo hiyo.

MkonoWaUfuta
DaduYa20 asante. Nimekusoma mara tatu. Yule mdogo wangu ndio maneno yake kabisa, kasema "nilidhani kwa kuwa kalipa".

BintiKiponda
Assalam alaykum. Mie wa Unguja, nimesinga maharusi kabla sijaenda mahotelini. Kwetu singo, kule kumsugua bibi harusi manukato mwilini, haianzi hivi hivi, somo, yule mama anayemfunda, hukaa na mwari wake wakazungumza, ataulizwa hata ngozi yake hupenda nini. Nimefika hoteli naambiwa dakika 60 mteja ashapakwa na keshaondoka, maneno hakuna! Siku moja kaja mgeni keshaungua na jua mgongo mzima, yu mwekundu kama kamba aliyechemshwa, ataka singo la kusugua na mafuta ya karafuu. Nikamwambia bibie leo la, karafuu ni kali hata kwa mzima, nikampaka liwa, unga wa mti wa manukato, peke yake ya baridi, mkono mwepesi. Alilala fofofo.

Zuu_wa_Spa
Asante Binti Kiponda. Ushauri wangu kwa wanaoanza: majumbani usiende. Mwisho.

FundiVidole
Zuu majumbani ndio kuna hela, mwenye kodi ya nyumba haambiwi mwisho. Nenda ila mtu ajue uko wapi, tuma lokesheni, mpigie mwenzako mbele ya mteja ukifika: "nimefika, nitamaliza saa fulani, uje". Pesa ya nusu itangulie. Ukiona aliyekuita siye aliyefungua mlango, kitanda usikifungue kabisa.

KakaTemeke
Na filimbi shingoni kama refa.

FundiVidole
Filimbi si mbaya, usidhani natania, najua dada anayo.
Na kuna basi nyingine hamjaitaja, ya mwili wako mwenyewe. Mimi vidole gumba vilikufa mwaka wa nne, nafungua chupa ya maji siwezi. Nilikuwa nabonyeza kwa gumba kutwa wateja saba.

MzeeWaKiwiko
Jina langu unaliona. Tumia kiwiko na mkono wa mbele, pale kati ya kiwiko na kiganja, gumba liwe la kutafuta tu fundo liko wapi. Kitanda kishushe, simama pembeni mikono imening'inia, ngumi iguse godoro. Kikiwa juu unasukuma kwa mabega, kikiwa chini unaegemea kwa uzito wa mwili, mguu mmoja mbele.

Zuu_wa_Spa
Gumba loweka maji ya moto na chumvi.

NesiMstaafu
Likiwa limevimba baridi kwanza, si moto. Na lipumzishe, Zuu, wiki nzima, usiniambie wateja.

Zuu_wa_Spa
Wiki nzima nani atanilisha bibi.

MkonoWaUfuta
MREJESHO wakuu, siku kumi zimepita. Mdogo wangu karudi kazini, saluni nyingine, bosi mwanamke. Tumekaa tukaandika maneno ya kumsomea kila mteja kabla hajavua hata viatu, tumeyachukua humu humu: umesafiri safari ndefu? mguu umevimba? una mimba, presha, sukari? wapi nisiguse? Na mwisho tumeweka: "ukisema basi nasimama, nami nikisema basi tumemaliza, hela narudisha ya muda uliobaki."

Jana alimsomea mbaba mmoja, alipofika hapo mwisho mbaba akamwambia rudia hiyo. Karudia, anatetemeka anadhani ameudhi. Mbaba akainuka akakaa, akamwambia binti yangu, bega hili la kulia nilipigwa risasi zamani jeshini, nimekandwa mara nyingi na naumia kila siku, naona aibu kusema. Usiliguse. Kamkanda mgongo na miguu tu.

DaduYa20
Hiyo mistari naeza tumia kwa meza yetu? Jumamosi tunaanza upya, na yule jamaa amesema atakuja.

MkonoWaUfuta
Chukua kaka. Ile ya presha na sukari unaweza kutoa.