Bembea ya kulalia kambini kwa mtu mwenye mwili mkubwa: ipi inalalika, ipi inabeba tu?

Mtembea_Polepole

Wadau, tulinganishe bembea za kulalia kwa mtu wa kilo 130, urefu sentimita 188, mabega mapana, anayetaka kulala usiku kucha na siyo kujinyoosha nusu saa mchana. Zilizo mezani ni nne: ya kitambaa kilichofungwa ncha zote mbili kama pipi, ya daraja yenye fito za kutanulia kichwani na miguuni, ya kulala kwa kukingama (mfano Amok Draumr ya Norway), na ya wavu wa pamba. Lebo zote zinadai kubeba kilo 150 na zaidi, kwa hiyo lebo hainisaidii kuchagua.

KambaNgumu

Haikusaidii kwa sababu inasema tu kitambaa hakitachanika. Mgongo utakaaje, hilo halimo. Kinachoamua kwanza ni urefu wa kitambaa, upana unafuata. Bembea nyingi zinazouzwa kwa jina la "watu wawili" ni pana lakini fupi, mita 2.7 hadi 2.9. Mtu wa sentimita 188 akiingia humo anajipinda kama ndizi: kidevu kifuani, magoti yanasukumwa kinyume, na kitambaa kilichozidi pembeni kinamwangukia usoni. Upana hauponyi ufupi.

Kwa mwili huo tafuta mita 3.35 au zaidi, upana sentimita 165 hadi 180. Chini ya mita 3 usipoteze muda. Urefu ndio unaokuwezesha kulala mshazari: kichwa upande mmoja wa mstari wa kati, miguu upande wa pili. Hapo kitambaa kinanyooka chini ya mgongo na mwili unakaribia kulala bapa. Wengi wanaosema bembea zinaumiza mgongo wanalala juu ya mstari wa kati, mahali pabaya kuliko pote.

FundiMshono

Naongezea kitambaa chenyewe. Nailoni nyembamba ya gramu 35 hadi 40 kwa mita ya mraba ni ya watu wepesi. Kwa kilo 130 hata isipochanika itanyumbuka mno: jioni umekaa vizuri, saa nane usiku makalio yanakaribia ardhi. Nailoni inanywa unyevu, na ikishaunywa inalegea zaidi. Poliesta hainyumbuki kiasi hicho, kwa hiyo unapopata shimo la makalio kwenye nailoni, jaribu poliesta ya uzito uleule kabla ya kununua kitambaa kinene zaidi.

Ninayopendekeza ni tabaka mbili za gramu 45 hadi 55 kila moja. Tabaka mbili zinagawana mzigo na zinaacha mfuko katikati wa kuingizia godoro. Ila kagua zilivyokatwa. Tabaka moja ikiwa fupi kuliko nyingine hata kwa sentimita mbili, hiyo fupi ndiyo inayobeba karibu mzigo wote na ile ya pili ni pambo. Jaribu hivi: itundike, mtu akae ndani, wewe finya kitambaa kwa chini. Tabaka ya nje ikining'inia kama shati lililolowa, irudishe dukani.

KambaNgumu

Kwa tabaka mbili tunatofautiana kidogo, Fundi. Tabaka moja ya gramu 65 inakauka haraka, ina mishono michache ya kukagua, na kama mtu atatumia mfarishi wa chini (blanketi nene linalotundikwa chini ya bembea kuzuia baridi) badala ya godoro, ule mfuko hauna kazi. Tabaka mbili ni kwa anayelalia godoro.

Bi_Turubai

Mnazungumza kana kwamba aina ni moja tu. Ndugu mwenye mada ana mabega mapana, na hilo linagusa bembea ya daraja moja kwa moja. Ni bapa kweli, unaweza kulala hata kifudifudi, na hakuna ule mshipa wa kitambaa unaokata shavu la mguu. Lakini kingo zake mbili ndizo zinazobeba mzigo, nazo zinavutwa kuja ndani. Ufito wa kichwani ukiwa chini ya sentimita 90, mabega mapana yanabanwa usiku kucha. Uzito ukizidi, ufito unabeba mgandamizo mkubwa zaidi. Ule wa vipande vilivyochomekana hupinda kwenye kiungo kabla ya pengine popote. Soma kikomo cha uzito cha fito, siyo cha kitambaa, maana mara nyingi ndicho kidogo. Pia inayumba zaidi wakati wa kuingia, kwa kuwa mwili unakaa juu kuliko katika ile ya pipi.

Ya kukingama ni habari nyingine. Mtu analala akikata mstari wa miti, juu ya godoro la hewa lililo ndani ya mfuko. Godoro ndilo linalofanya kitanda, kwa hiyo saizi ya godoro ndiyo saizi ya bembea. La kawaida la sentimita 183 kwa 51 halimtoshi mtu huyu: visigino vitaning'inia na mkono mmoja utakosa pa kukaa. Anahitaji toleo kubwa linalopokea godoro la sentimita 196 kwa 64 hivi. Akipata hilo na kikomo cha uzito kikaruhusu, na kama ni mtu wa kulala ubavu, mimi ningemwelekeza huko kabla ya nyingine yoyote. Godoro likitoboka, basi, hana kitanda.

Wavu wa pamba ni mpana na laini, unafuata mwili bila kubana, lakini ni mzito, na ukilowa utakaa umelowa. Wa kutundika pahali pamoja, siyo wa kubeba mgongoni.

Na kuna ya tano ambayo hukuitaja, afadhali iondolewe mapema: ya kamba yenye mbao ncha zote mbili, ile ya kwenye picha za ufukweni. Inavutwa ikakaa tambarare na mwili unakuwa sawa na mstari unaounganisha sehemu mbili za kutundikia au juu yake. Ukigeuka ubavu inakumwaga. Mtu mzito anamwagwa haraka zaidi.

Mtembea_Polepole

Nashukuru. Kwa kuwa analala chali na mizigo inabebwa mgongoni, tuseme ni ya pipi, mita 3.35. Miti ina nafasi ya mita 4.5. Mikanda ya kuzungushia miti ifungwe kimo gani?

KambaNgumu

Kama mita 1.8 hadi 1.9 kutoka ardhini, pembe ya mkanda digrii 30 kutoka usawa wa ardhi. Miti ikiachana mita moja zaidi, panda sentimita 30 hivi kila upande ili pembe ibaki ileile. Nafasi ikipungua chini ya mita 3.6, bembea hii inakuwa na shida ya kukaa.

Digrii 30 si mapambo. Kwa kilo 130 iliyotulia, kila mkanda unavutwa kwa kilo 130 pembe ikiwa 30. Ikiwa 20 inakuwa 190. Ikiwa 10 inafika karibu 375, na ikiwa 5 inapita 740. Hapo bado hajajitupa kukaa wala kugeuka. Wageni wa bembea hukaza kamba wakidhani wananyoosha kitanda. Wanachofanya ni kubana mabega na kuzidisha mzigo mara tatu.

Weka kamba ya juu inayounganisha ncha mbili za bembea, urefu wake asilimia 83 ya kitambaa. Kwa mita 3.35 ni mita 2.78. Ikishafungwa, mlegeo wa bembea unakuwa uleule kila usiku, hata miti ikitofautiana. Mtu akiwa ndani, ifinye kwa vidole: inatakiwa ipinde kidogo. Ikilia kama uzi wa gitaa, mikanda imekazwa mno, ilegeze au ipandishe juu.

Upande wa miguu uwe juu ya wa kichwa kwa sentimita 20 hadi 30. Kiwiliwili ndicho kizito, na bila hiyo tofauti mtu anateleza kuelekea miguuni hadi asubuhi.

Msitu_Mzito

Kitambaa kinasifiwa bure kama kiungo dhaifu kiko kwenye kifaa cha shilingi mbili. Kila kipande kati ya mti na bembea kiwe na uzito wa kukatikia usiopungua mara tano ya uzito wa mtu: hapa ni kilo 650. Na soma vizuri kama lebo inataja uzito wa kukatikia au wa kutumia, vinachanganywa sana.

Mikanda: poliesta, siyo nailoni, upana sentimita 5 kwa mzigo huu. Wa sentimita 2.5 unaweza kubeba, ila unakata gome. Mti uwe hai, unene wa shina sentimita 20 au zaidi pale mkanda unapokaa. Angalia juu pia, tawi kavu halina rafiki.

Karabina (pete za metali zenye mlango wa springi): zilizogongwa alama ya kilonyutoni 12 au zaidi, yaani zaidi ya kilo 1,200. Zile za kuning'iniza funguo hazihusiki.

Kamba za Dyneema (nyuzi za plastiki nyepesi na ngumu sana): ya milimita 3 hivi hukatikia zaidi ya tani moja, lakini ukiipiga fundo nguvu yake inaweza kupungua nusu, na utelezi wake unafanya mafundo mengi yafunguke yenyewe. Ndiyo maana huunganishwa kwa kuingiza mkia ndani ya kamba yenyewe, urefu wa mara 72 ya unene wake. Kwa milimita 3 ni sentimita 22 hivi. Na usiisuguanishe na mkanda wa nailoni. Joto la msuguano linaweza kuiyeyusha.

Bizimu za kubana: mkanda ukilowa au ukipita kinyume zinateleza taratibu. Ongeza fundo la kitanzi nyuma ya bizimu. Usiku wa kwanza chora alama kwa kalamu mkanda unapotokea, kisha tundika makalio yawe sentimita 30 tu juu ya ardhi. Kaa dakika 10, toka, angalia alama imesogea kiasi gani, na angalia mishono ya ncha: ukiona vitundu vya sindano vimefunguka na mwanga unapita, usiilalie.

Bi_Turubai

Baridi itamjia kwa chini hata mahali penye joto la wastani, kwani mwili unabana kile kilicho chini yake. Mfarishi wa chini uwe mpana, uguse mgongo bila kusukumwa. Kosa la kawaida kwa mtu mzito ni kuukaza bembea ikiwa tupu. Akiingia, anashuka na kuubana ukawa bapa, joto linatoka. Alale kwanza, mwenzake aukaze mpaka kiganja kipite kwa taabu kati yake na kitambaa. Kama ni godoro, upana wa sentimita 64, na lijazwe hewa nusu tu. Likijaa linakuwa ubao na linamrudisha kwenye mstari wa kati.

Mtembea_Polepole

Na kutoka asubuhi? Magoti si ya kijana.

FundiMshono

Ukingo uwe sentimita 50 kutoka ardhini mtu akiwa amekaa. Aketi kwa kukingama, miguu yote chini na magoti mbele, ndipo ainuke. Asijivute kwa ile kamba ya juu, haikuwekwa kwa kazi hiyo na itasogeza ncha. Chandarua cha zipu kifunguliwe chote kabla ya kukaa. Zipu iliyokaliwa nusu ndiyo mshono wa kwanza kufumuka.