Naomba ushauri: nitawafanyaje watoto waone anga ni sehemu ya maumbile?

Wakuu, nasimamia kikundi cha watoto wa miaka 8 hadi 10 wanaojifunza mazingira. Nikiwaambia wachore maumbile, karatasi inajaa miti, mito na wanyama. Anga linabaki mstari mwembamba wa buluu juu kabisa, na katikati pameachwa peupe, kama vile hakuna kitu pale. Tena si watoto tu. Watu wazima wengi tunatazama juu kujua kama mvua inakuja, basi.

Linanigusa sana, kwa sababu hewa tunayovuta ndiyo anga lenyewe, linaanzia miguuni petu. Hata ile buluu ni kazi ya hewa: molekuli zake hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwekundu.

Usiku ndio tunapoteza zaidi. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya watu duniani wanaishi chini ya anga lililochafuliwa na mwanga wa taa, na theluthi hivi hawawezi kuiona Njia Nyeupe, ule ukanda hafifu wa nyota nyingi unaokatiza anga. Viumbe wengine nao wanaumia. Vifaranga vya kasa hufuata upeo wenye mwanga ili wafike baharini, sasa taa za ufukweni zinawapeleka nchi kavu.

Waliowahi kufundisha hili, mlianzia wapi, mawingu ya mchana au nyota? Na watoto ambao kwao taa hazizimwi usiku kucha, niwaonyeshe nini?