Mwalimu wa kiroho anapimwa kwa kipimo gani?

Msafiri_wa_Ndani:
Wakuu, naomba mawazo, siombi matusi. Nina miaka miwili kwa mwalimu mmoja anayefundisha njia ya kujitambua, ile ya kujiuliza "mimi ni nani" mpaka muulizaji mwenyewe ayeyuke. Sikatai, imenisaidia, silali tena na hasira. Ila juzi alikuwa anazungumzia ukimya, kipaza sauti kikapiga kelele. Akamgeukia kijana wa mitambo, akamfokea mbele ya ukumbi mzima, kijana mikono inatetemeka kwenye nyaya. Halafu akatabasamu: "Mmeona nafsi zenu zilivyoshtuka?" Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga. Nilipofika nyumbani ndipo nikajiuliza: akikosea yeye ni fundisho, nikikosea mimi ni nafsi yangu chafu. Mtu wa namna hiyo utampimaje?

Hoja_Kavu:
Jibu umelileta mwenyewe, mkuu. Wanaofuata hao walimu ni wavivu wa kufikiri, basi. Krishnamurti, yule mwanafalsafa wa Kihindi, mwaka 1929 aliivunja jumuiya nzima iliyomwandaa awe Mwalimu wa Ulimwengu, akawaambia ukweli hauna njia. Huyo ndiye mtu.

Bi_Subira:
Wavivu wa kufikiri? Mimi nina miaka 19 kwenye njia hii, naamka kabla ya alfajiri kukaa na nafsi yangu, wewe umelala fofofo. Na huyo Krishnamurti wako, baada ya kuivunja hiyo jumuiya alikaa kimya? Alizunguka dunia akihutubia mpaka alipofariki mwaka 1986. Mtu yuko mbele, watu wamekaa wanamsikiliza, halafu anawaambia hamhitaji mwalimu. Tumwite nani?

Hoja_Kavu:
Alikuwa anazungumza. Hakuwa anafundisha.

Bi_Subira:
😂😂 Haya, shika hapo hapo usiachie.

Kitendawili:
Jamani, mtu kauliza swali la maana. Kwa Watibeti kuna mapokeo kwamba mwanafunzi amchunguze mwalimu hata miaka 12 kabla ya kumkubali, na Dalai Lama, kiongozi wao wa kiroho, amelisisitiza hilo mara nyingi. Kwa hiyo Msafiri, miwili bado, huna haja ya kujilaumu. Mimi huangalia anavyomtendea mtu asiye na faida kwake. Ramana Maharshi, mwalimu wa hiyo hiyo njia ya "mimi ni nani", pale kwenye mlima Arunachala, India, alikuwa hakubali kupakuliwa chakula kizuri kuliko wageni. Nisargadatta, mwalimu mwingine wa kujitambua, wa Bombay, alikuwa na kiduka cha bidi, anapokea watu kwenye kijichumba cha juu nyumbani kwake. Hakuwa na jumba wala mlinzi.

Njiwa:
Ngoja kwanza. Duka la NINI?

Kitendawili:
Bidi. Tumbaku iliyosokotwa kwenye jani.

Njiwa:
Yaani mwalimu wa kujitambua anauza sigara?

Kitendawili:
Na kuvuta alikuwa anavuta, tena huku anajibu maswali. Sioni inahusiana vipi.

Njiwa:
Alikufa na nini?

Kitendawili:
Saratani ya koo, mwaka 1981. Lakini alikuwa na miaka 84!

Njiwa:
Kesi imefungwa, wakuu.

MzeeKobe:
Kesi haijafungwa, mwanangu. Ramana hakuwa mvutaji, naye saratani ilimwondoa mwaka 1950, ilianza kama uvimbe mkononi. Mwili ni mwili.

Njiwa:
Na Ramakrishna je, yule mwalimu wa Bengal, shikamoo mzee? Koo pia, 1886. Na alikuwa mtu wa buruma, kile kiko cha maji.

MzeeKobe:
Marahaba. Hapo umenishika kidogo.

Hoja_Kavu:
Mtu kashindwa kuachana na tumbaku, ndiye atakufundisha kuachana na nafsi?

Bi_Subira:
Wewe umeachana na nini, ndugu yangu? Ubishi tu umekushinda. Masufi wanasema asiye na sheikh, sheikh wake ni shetani. Nakuona kabisa mnavyoendana.

Hoja_Kavu:
Hao hao Masufi sheikh wao wanampima kwa sharia, hawamwachii afokee watu halafu aseme ni fundisho. Mnasema mwalimu hakosei, haya: Rajneesh, yule guru wa Kihindi aliyeitwa pia Osho. Magari ya Rolls-Royce tisini na kitu...

Kitendawili:
93.

Hoja_Kavu:
...93, ahsante. Wasaidizi wake kule Oregon, Marekani, mwaka 1984 wakatia vijidudu vya salmonella kwenye saladi za mikahawa, watu 751 wakaugua. Yeye akasema hakujua. Ametambua siri ya ulimwengu mzima, kinachoendelea ofisini kwake hakijui!

Bi_Subira:
Nani kasema mwalimu hakosei? Nionyeshe nilipoandika. Nasubiri.

Njiwa:
Huyo Rajneesh alikuwa anavuta?

MzeeKobe:
Njiwa, mwanangu, pumzika.

Msafiri_wa_Ndani:
Wakuu, narudi na mrejesho. Kitendawili, nilishika lile lako la asiye na faida. Nikamtafuta yule kijana wa mitambo. Kumbe hajalipwa miezi minne; aliambiwa kazi ile ni ibada. Basi jana usiku nikauliza kwenye kundi letu, kwa adabu zote, michango yetu inatumikaje. Nikajibiwa na msaidizi wake kwamba hilo swali ni nafsi inayojitetea. Asubuhi nafungua simu, nimeshaondolewa. Miaka miwili. Cha ajabu nimekaa kutafakari kama kawaida na utulivu umekuja ule ule.

Bi_Subira:
Pole sana mdogo wangu. Hapo sina la kumtetea.

Hoja_Kavu:
Pole mkuu. Nilisema lakini.

Bi_Subira:
Ulisema wavivu wa kufikiri. Hukusema hilo.

Njiwa:
Pole kaka. Nimesoma huko, kumbe bidi ina nikotini nyingi kuliko sigara ya kawaida.